Ukuta Uliopita Paa

Nimestaafu wiki tano sasa, na vijana wa ofisi ya ujenzi wamenishikilia niandike kitu. Niliwaambia mimi ni mtu wa darasa la saba, nimezoea kuandika "ukuta umepinda, bomoa" na kutia sahihi. Wakasema, hiyo hiyo, Mzee, irefushe kidogo. Basi nimezitoa shajara zangu kwenye sanduku na nitaandika nitakavyoweza. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika. Mji wetu siutaji jina. Uko kando ya ziwa, saa moja na kitu kutoka Kisumu, na waliokuwepo wanaujua. Wasiokuwepo, jina halitawasaidia.

Mimi ni mtoto wa Kisumu, mtaa wa Waislamu. Baba ya baba yangu alifika na kazi ya reli kutoka pwani, akaoa huko, na sisi tukawa watu wa huko. Baraza la mji wetu liliniajiri mwanzoni mwa miaka ya themanini niwe msaidizi wa mkaguzi wa majengo. Mkaguzi mwenyewe alikuwa Mzee Oluoch, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza alinipa tepu, timazi na pima maji, akaniambia nikakague duka moja jipya. Nilienda, nikaweka pima maji juu ya ukuta, nikaona povu limekaa upande, nikaandika ukuta ubomolewe safu tatu za juu. Nilirudi nikiwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Mzee Oluoch alisoma, akachukua ile pima maji, akaiweka mezani, akaitazama. Kisha akaigeuza, mbele nyuma, akaitazama tena. Povu lilihama.

"Umeona?" akasema. "Ukuta ni mzima. Kifaa ndicho kinadanganya. Ungekigeuza ungejua."

"Si nilipewa na wewe, Mzee?"

"Nilikupa makusudi. Sasa nenda ukamwombe mwenye duka msamaha. Na uongee kwa sauti, wateja wasikie."

Nilienda. Sauti ilitoka kidogo tu, lakini ilitoka. Tangu siku ile sijatumia pima maji bila kuigeuza kwanza, na ningependa vijana mfanye hivyo hivyo, hata kama mmenunuliwa mpya.

Miaka kumi hivi iliyofuata sitaieleza sana, kwa sababu sehemu kubwa yake siipendi. Upande wa ziwa, kwenye ardhi ya baraza, watu walikuwa wamejenga vibanda vya udongo na makaratasi, safu kwa safu. Kila msimu wa mvua ndefu ziwa liliingia ndani hadi magotini. Kanuni zetu za ujenzi zilisema nyumba ni mawe, simenti na mabati, basi. Kwa hiyo baraza halikuwa na jibu lingine kwa watu wale isipokuwa notisi ya kubomoa. Mimi ndiye niliyezibandika. Nilikuwa na ndoo ya gundi ya unga na brashi, na akina mama walikuwa wakinisalimia vizuri tu, "Bwana Hamisi, umetuletea barua tena?" Halafu walitumia notisi kuwashia jiko. Lazima niwe mwadilifu hapa: aliyetunga kanuni zile hakuwa mtu mbaya. Hakutaka watu waishi vibaya. Ila alisahau kwamba aliyekatazwa kuishi vibaya bado lazima aishi.

Kisha waraka ukaja kutoka wizarani. Nadhani ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Daftari la mwaka huo lilinyeshewa na kurasa zimeshikana. Waraka ulisema kila baraza litenge sehemu ya ardhi yake kwa nyumba za watu wa kipato cha chini, na kanuni zilegezwe ili vifaa vya bei nafuu vikubaliwe. Udongo ulitajwa kwa jina. Karani wa mji aliposoma neno hilo kwenye kikao, madiwani waliguna wote pamoja.

Diwani wa soko, mtu mnene na mcheshi, alisimama. "Ati udongo? Babangu alizaliwa kwa udongo. Mimi nikazaliwa kwa udongo. Nimehangaika mpaka nikafika kwa mawe, sasa naambiwa nirudi?"

"Si wewe utakaa huko, Bwana Diwani," mwenzake akamwambia.

"Na kura nitaomba wapi kama si huko?"

Watu walicheka, lakini alikuwa na hoja. Hakuna anayependa kupewa na serikali kitu alichokikimbia kwao.

Hapo ndipo Mhandisi Kimani aliinuka. Alikuwa kijana kutoka Nyeri, miaka miwili tu tangu amalize chuo kikuu, na mpaka siku ile nilikuwa nikimwogopa kwa sababu alizungumza haraka. Alikuwa na gunia miguuni. Akalifungua, akatoa tofali jekundu linalochuruzika maji, akaliweka sakafuni mbele ya mwenyekiti.

"Hili ni la udongo wa hapa hapa, limeshindiliwa kwa mashine ya mkono, limetiwa simenti kidogo sana. Limekaa kwenye ndoo ya maji tangu jana asubuhi. Bwana Diwani, tafadhali simama juu yake."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Wengine ni wepesi."

Diwani alipanda kwa mguu mmoja, kisha wa pili. Tofali halikusema kitu. Akaruka kidogo. Kimya. Akabaki amesimama pale juu, mikono imenyooshwa, anaogopa kushuka asije akaonekana amekubali, na ukumbi mzima ulikuwa unapiga meza. Jioni niliandika hivi, na hii naweza kuisoma: "Leo nimeona udongo ukibeba diwani. Kumbe miaka kumi nilikuwa nabandika karatasi."

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama miezi iliyofuata. Tulianza na udongo. Ule mweusi wa kando ya ziwa haufai, unapasuka ukikauka. Tulikwenda mlimani, upande wa barabara ya Bondo, kwenye udongo mwekundu wenye kokoto ndogo. Mhandisi alikuwa na sanduku la mbao lenye urefu wa mkono mmoja: unalijaza udongo mbichi, unaliweka kivulini siku kadhaa, kisha unapima udongo umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa upana wa kidole gumba, ni mzuri. Ukisinyaa vidole vitatu, acha, nenda kachimbe kwingine. Mzee Oluoch, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, hakuwa na subira ya sanduku. Alichukua chembe, akaitafuna kwa meno ya mbele, akatema. "Mchanga wake ni mzuri. Hapa." Mhandisi alifungua kitabu, Mzee alifungua mdomo, wakafika jibu moja.

Mashine ya kushindilia ina mkono mrefu wa chuma unaoning'iniwa na watu wawili. Wa kwanza kuuelewa alikuwa fundi mmoja anayeitwa Barasa, Mluhya aliyekuja mjini kutafuta kazi, mtu wa sauti ya chini. Alijua kwa sikio kama udongo umejaa sawasawa ndani ya kisanduku cha mashine. Alikuwa akiishi na mke na watoto watano kwenye chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa ameomba nyumba kama wengine.

Nyumba zilikuwa arobaini na nne. Ili kuokoa matofali, Mhandisi alizichora kwa jozi: kaya mbili zinaegemeana, ukuta mmoja katikati, paa moja la mabati juu yao zote. Ule ukuta wa katikati uliishia pale dari ingekuwa, kama dari ingekuwepo. Juu yake palikuwa wazi, kutoka nyumba hii hadi ile. Niliona kwenye ramani. Sikusema kitu. Niliwaza, yeye amesoma na mimi nilibandika notisi, na huo ndio ukweli.

Waombaji walizidi nyumba mara kadhaa, kwa hiyo tukakubaliana ni kura. Kazi ya kuisimamia nilipewa mimi, sijui kwa nini; karani alisema ni kwa sababu sina ndugu hapa. Niliitunza kama yai. Nilipendekeza masharti mawili, na baraza likayapitisha. La kwanza, aliyeshinda aingie ndani ya siku thelathini tangu apewe ufunguo, asipoingia nyumba iende kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. La pili, hakuna kubadilishana nyumba na mtu yeyote kwa sababu yoyote. Tulikuwa tumesikia mji mwingine ambako nyumba za namna hii zilibadilishwa-badilishwa mpaka zote zikaishia kwa wenye maduka.

Wiki za kabla ya kura watu walikuja mezani kwangu kila siku. Huyu ni binamu wa diwani, huyu ameleta kuku, huyu anataka nyumba ya pembeni. Nilijifunza sentensi moja: "Neno lako liambie kopo." Kopo ndilo lingekuwa na karatasi. Mama Dorina alikuja mara mbili. Alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Pap Onditi, muuza omena, anaishi kwenye safu ya karibu kabisa na maji. Mara ya kwanza alisema, "Bwana Hamisi, niko na neno dogo tu." Nikamwambia aliambie kopo. Mara ya pili alisema, "Hili si la kuomba kitu, ni la kukujulisha." Nikamwambia kopo lina masikio makubwa. Watu kwenye foleni walicheka. Yeye alikaza kanga yake na kuondoka. Nilijiona mtu wa haki sana siku ile.

Kura ilipigwa ukumbini mbele ya watu wote. Mama Dorina alitoa karatasi yenye nambari kumi na nane, na alipiga vigelegele mpaka nikaziba sikio. Barasa hakupata nyumba. Aliwekwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Wakati huo kuta zilikuwa zimesimama lakini paa na nambari bado, kwa hiyo hakuna aliyejua nambari yake ni ipi kwenye kiwanja.

Siku ya funguo ilikuwa ya jua na kelele. Watu walibeba vitanda kichwani. Nilipofika kumi na saba na kumi na nane niliona jambo ambalo sikulielewa. Mama Dorina alikuwa ameketi kwenye majani hatua thelathini hivi kutoka mlangoni kwake, amegeuzia nyumba mgongo. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa choo, alisimama kijana anayeitwa Ouma, fundi wa baiskeli, aliyeshinda kumi na saba. Naye alikuwa ameangalia upande mwingine, kofia mkononi. Katikati yao alikuwa mke wa Ouma, Atieno, anaenda na kurudi.

"Mwambie mama aingie, mimi nitaondoka," Ouma alimwambia mkewe, akiuangalia ukuta wa choo.

Atieno akaenda, akarudi. "Amesema ninyi mko na watoto. Muingie, yeye atarudi kule kwa maji."

"Na nitalala vipi kwa hiyo nyumba, nimemfukuza maro?"

Mzee Oluoch alinivuta mkono kando. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Hamisi, unajua umefanya nini? Huyo ni mama mkwe na mkwe wake. Umewalaza chini ya paa moja."

"Lakini kuna ukuta katikati, Mzee."

"Ukuta unafika wapi?"

Nilijua unafika wapi.

Wasomaji wengi wa hapa hamhitaji kuelezwa, lakini kwa wageni: kwa Wajaluo mkwe na mama mkwe, ndiye maro, wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali meza moja, hawapitani njiani kwa karibu, na kulala chini ya paa moja ni jambo zito ambalo linaaminika kuleta mabaya kwa watoto. Hata Waluhya wanalijua. Mimi nisingeliota. Mama ya mke wangu aliishi nasi Kisumu miaka sita, tukigombania redio. Na Mhandisi alikotoka sijui mambo yao, lakini yeye alichora nyumba, hakuchora nani atakaa. Kosa la kuwaweka pamoja lilikuwa la kopo, na kopo lilikuwa langu. Nilimwendea Mama Dorina pale kwenye majani nikachuchumaa.

"Mama, lile neno lako. Lilikuwa hili?"

"Lilikuwa hili hili. Kwamba mkwe wangu yuko kwa orodha, mtuangalie tusiwe karibu. Dakika moja tu ungesikia." Hakusema kwa ukali. Ukali ungekuwa afadhali.

Nilikwenda kwa karani wa mji nikaomba wabadilishane na watu wengine. Akanionyesha sharti la pili, lenye maneno yangu. "Nikifungua mlango huu kwa Mama Dorina," akasema, "kesho kuna wakwe ishirini, na nusu yao wameoana jana." Alisema kweli. Nikaomba siku ziongezwe. Zimeandikwa kwenye makubaliano na wizara, akasema. Thelathini ni thelathini. Na mvua zilikuwa zinakaribia. Maji yalikuwa yameshagusa mlango wa kibanda cha Mama.

Barasa alinikuta njiani siku hiyo. Akavua kofia. "Bwana Hamisi, mimi simwombei mtu mabaya. Lakini nitakuwa muongo nikisema sihesabu siku."

"Hesabu, Barasa. Ni haki yako."

Nilimaanisha, na usingizi ulinipotea kwa sababu nilimaanisha. Yeyote ambaye ningemsaidia, mwingine aliyestahili angelipia.

Nilirudi kwa Mama Dorina siku ya sita au ya saba. Nilikuwa na swali moja, la kijinga, na niliogopa kuliuliza.

"Mama, unaikataa nyumba au unalikataa paa?"

"Nyumba naipenda. Nimeiota. Nakataa paa."

"Na kama paa zingekuwa mbili?"

Alichambua omena kwa vidole. "Mvua ikinyesha, maji yangu yakaanguka kwangu na yake yakaanguka kwake, hizo ni nyumba mbili."

"Na ule ukuta wa katikati, mnaouegemea wote?"

"Kama umetoka juu, unapigwa jua na unanyeshewa, huo si wa nyumba. Huo ni ua. Ua si shida, hata nyumbani tunapakana kwa ua." Kisha akaniangalia. "Lakini muulize na Ouma. Na umuulize Mzee wako. Nisije nikaamua peke yangu kwa sababu nataka nyumba."

Niliwauliza wote. Ouma alisema kama mama ameridhika, yeye ameridhika mara mbili. Mzee Oluoch alifikiri tangu saa nne mpaka chakula cha mchana, kisha akasema, "Akili ya huyu mama ingefaa kuwa ofisini."

Mhandisi Kimani alikataa. Alikataa kwa adabu na kwa sababu nzuri: ramani imeshapitishwa, simenti iliyobaki ni kidogo, na ukuta unaopita katikati ya mabati ni mahali pa kwanza pa kuvuja. "Na siwezi kubadilisha jengo kwa sababu ya desturi ya watu wawili, Bwana Hamisi. Nionyeshe kanuni."

Basi nikaenda kutafuta kanuni. Kitabu cha kanuni za ujenzi kilikuwa kikubwa, kwa Kiingereza, na kwa miaka kumi nilikuwa nimekisoma kurasa nne tu, zile za kubomoa. Safari hii nilianza mwanzo, na kamusi kando. Siku ya tatu nilifika sura ya moto. Ilisema kwamba ukuta unaotenganisha kaya mbili chini ya paa moja lazima upande mpaka upite paa, ili moto wa nyumba hii usirukie ile. Nilisoma mara tatu. Nilikigeuza kile kitabu, naapa, kama pima maji. Nilimpelekea mtoto wa mwalimu jirani anitafsirie bila kumwambia ninachotafuta, nikasikia maneno yale yale.

Niliandika dokezo la mistari sita. Lilinichukua siku nzima. Mhandisi alilisoma amesimama, kisha akakaa.

"Nani amekuonyesha hii?"

"Nimeisoma, bwana."

Alifungua kitabu mwenyewe. Aliisoma sura nzima ya moto hata nikaanza kutaka kuomba msamaha. Kisha akasema jambo ambalo nimelishika mpaka leo, kwa sababu mkubwa mwingine angenifukuza. "Mimi ndiye nimekosea. Waraka ulilegeza udongo, nikajilegezea na moto. Zote arobaini na nne zitapandishwa ukuta."

"Tuanze na ipi?"

"Si ya huyo mama?"

Hapo nikasita. Nilimwambia haitakuwa haki, yeye ni wa kumi na nane, tuanze na ya kwanza. Mzee Oluoch alikuwa mlangoni. Alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Hamisi, wewe utatuua na hiyo haki yako! Za wengine watu wamo ndani, utawavua paa na watoto wamelala?" Ilikuwa kweli. Nikaongeza mstari wa saba kwenye dokezo: nyumba tupu kwanza. Ingemfaa mtu yeyote, si Mama peke yake, na nikapumua.

Mpaka dokezo lipitishwe, zilibaki siku tisa. Mashine ilirudishwa kiwanjani, na aliyeushika mkono wake alikuwa Barasa, kwa sababu hakuna aliyeufahamu kama yeye. Nilimwambia anaweza kukataa, nitatafuta mwingine. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Kazi ni kazi, Bwana Hamisi. Unataka niweke tofali bovu?" Ouma aliacha baiskeli za watu na kuja kubeba udongo, ila kila Mama Dorina alipoleta uji alijificha nyuma ya rundo la matofali, na mafundi walikuwa wakimwita, "Mkwe, toka! Uji umeenda!" Atieno alichota maji. Hata diwani wa soko alifika siku moja na suti yake, akaning'inia kwenye mkono wa mashine, na ukamwinua yeye badala ya yeye kuuvuta.

Siku ya thelathini, asubuhi, Barasa aliweka safu ya mwisho. Ukuta ulitokeza juu ya mabati kiasi cha dhiraa moja, mwekundu, unaonekana hadi barabarani. Karani wa mji alikuja na saa yake. Watu wa mtaa mzima walikuja. Mama Dorina alisimama na kikapu kichwani, hakusogea.

"Mwageni maji," akasema.

Fundi alipanda na ndoo, akamwaga upande wa kumi na nane. Maji yalishuka mbele ya mlango wa Mama, yote, tulivyodhani. Watu wakashangilia. Akamwaga upande wa kumi na saba. Yakashuka kwa Ouma. Halafu sauti ya Atieno ikatoka ndani ya kumi na saba: "Huku kunavuja! Yanatoka kwa mama!"

Karani aliangalia saa. Ilikuwa kama Mhandisi alivyosema, pale mabati yalipokutana na ukuta maji yalipata njia. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mhandisi Kimani alikuwa ameshavua koti. Alipanda ngazi na viatu vyake vya ofisini, kipande cha bati mkono mmoja na kopo la lami mkono wa pili, akalikunja lile bati kwenye ukuta kwa viganja, akalipaka lami pande zote mbili mpaka mikono ya shati ikawa myeusi hadi viwikoni. Nakumbuka jogoo aliwika na mtu akamwambia anyamaze.

"Mwaga!" akapiga kelele kutoka juu.

Ndoo ya kwanza. "Kukavu!" Atieno akajibu. Ndoo ya pili. "Kukavu!" Ya tatu waliimwaga kwa furaha tu, ikawanyeshea madiwani. Mama Dorina alizunguka kwa nyuma ili asipite karibu na mlango wa Ouma, akaja kwake, akaingia na mguu wa kulia, na mlango ukafungwa. Ouma alisubiri mpaka aliposikia komeo. Kisha naye akaingia kwake. Mimi mtu mzima niliruka juu na kupiga kelele kama niko uwanjani, na Mzee Oluoch, ambaye hakuwahi kunisifu tangu siku niliyokuja, alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Mchana huo huo nilikuwa na barua ya kuandika, ya kumjulisha Barasa kwamba hakuna nyumba iliyobaki. Ningeweza kuituma kwa tarishi. Nilimpelekea mwenyewe. Alikuwa anaosha mashine. Aliisoma polepole, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Najua, Bwana Hamisi. Si ni mimi nimeufunga ule ukuta." Akafuta mikono. "Ninauliza moja tu. Zingine mnaanza lini?"

Nilirudi ofisini nikamuuliza Mhandisi vile vile, kwa maneno yale yale. Alikuwa anajisugua lami kwa mafuta ya taa. Akasema ardhi ya upande wa pili wa barabara imetengwa tangu waraka, ramani anayo, kilichokuwa kinamzuia ni ukuta ambao sasa ameshajua unakwenda wapi. "Jumatatu," akasema.

Jumatatu nilikuwa kiwanjani na kamba na vigingi kabla umande haujakauka. Barasa alikuja bila kuitwa, akasimama akinitazama nikipima pembe ya nyumba ya kwanza.

"Bwana Hamisi," akasema, "hapo umekosea inchi mbili."

Nilipima tena. Alikuwa sahihi.